Jina Moja, Madaftari Mawili

Mada ya Kamati ya Fedha iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Misunkumilo

  

Mwaka jana sisi wa Kamati ya Fedha tulipanda hapa tukasoma hesabu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Tulipofika ukurasa wa tatu, nusu ya ukumbi ilikuwa nje inakunywa chai. Safari hii Mwenyekiti ameagiza hesabu zichapwe kwenye kijitabu, kila mtu azisome kwa nafasi yake, na sisi tuseme jambo ambalo watu watakaa kulisikiliza. Akapendekeza tueleze kwa ufupi maisha ya Watanzania mashuhuri wenye jina moja la ukoo. Tumekubali, ingawa tunakiri kwamba wahasibu si wasimuliaji wazuri. Kazi yetu ni kujumlisha.

Wengi wenu mlitarajia tuchague jina la Pinda. Ukijitambulisha Dar es Salaam kwamba unatoka Mpanda, swali la pili huwa ni hilo: unamjua Pinda? Ni haki yake. Mzee Mizengo Pinda, aliyejiita mtoto wa mkulima, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 hadi Novemba 2015, na ni katika miaka hiyo, mwaka 2012, mkoa wetu wa Katavi ulipozaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa. Lakini habari zake mnazijua kuliko sisi tunaokaa mjini.

Tumechagua jina la Bomani. Hawa si watu wa huku, ni watu wa Kanda ya Ziwa. Tumewachagua kwa sababu ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe mwaka jana katika ukumbi huuhuu, kosa la majina. Tutalieleza, hatutalikwepa. Kwanza tuanze na kaka mkubwa.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, katika familia ya mhubiri wa Kisabato. Baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akaenda Mwanza akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Zingatieni hapo: katibu. Mtu wa kuandika, kutunza stakabadhi na kujua nani amelipa na nani hajalipa.

Wakati huo zao la Mwanza na Shinyanga lilikuwa pamba. Mkulima alivuna, akaifunga, akaibeba hadi kwenye kituo cha kununulia. Pale alikuta mfanyabiashara mwenye mizani. Pamba inawekwa, mwenye mizani anatazama, anataja uzito, anahesabu fedha, basi. Mkulima aliyekuwa hajui kusoma mizani hakuwa na la kusema. Alijua kwa mgongo wake kwamba mzigo ulikuwa mzito kuliko namba aliyotajiwa, lakini mgongo hauandiki risiti. Hili ninyi wakulima wa tumbaku, mahindi na mpunga hamhitaji kuelezwa. Kila mmoja hapa ana habari yake ya mizani.

Wakulima wa Kanda ya Ziwa walifanya jambo dogo. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, watu wanaojua kusoma mizani, wasimame pale na kuhakiki uzito kabla mkulima hajapokea fedha. Mwanzoni hawakuanza na kiwanda wala ghala, na benki ilikuwa mbali nao. Walianza na mtu mmoja aliyesimama kando ya mizani ya mwenzake na kuangalia.

Kutokana na mtu huyo wa kando ya mizani vilikua vyama vya msingi, na mwaka 1952 Paul Bomani alikuwa mstari wa mbele kuunda umoja wa wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Akaenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kusomea mambo ya ushirika. Aliporudi, mwaka 1955, kikaundwa chombo kikubwa kilichoviunganisha vyama vyote, Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja mkuu. Ndani ya miaka michache ushirika ule ukawa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba, na hadi nchi inapata uhuru mwaka 1961 pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inanunuliwa kupitia vyama vya wakulima. Ulihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Na kumbukeni yote hayo yalifanyika katika miaka ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kufanya kazi Usukumani, kuanzia 1954 hadi 1958. Siasa ilifungiwa mlango, mizani ikaendelea kupima.

Sasa tuingie kwenye kosa letu.

Katika chama chetu kuna wanachama wawili wenye jina moja la ukoo. Hatutawataja, wenyewe wanajijua na ninyi wengi mnawajua. Hawana undugu wa karibu. Majina yetu huku yanarudiwarudiwa, mtoto anapewa la babu, mwingine anapewa la baba wa jirani aliyemsaidia, na ukifungua rejista yetu utakuta jina moja limejipanga mistari minne kama watu wa foleni ya maji. Mmoja wa hao wawili ni mama anayefanya biashara ndogo sokoni. Mwingine ni ndugu yetu anayefanya kazi Dodoma.

Mama yule alikuwa anatuma mchango wake kila mwezi kwa simu. Laini aliyokuwa anaitumia imesajiliwa kwa jina la kijana wake. Kwa hiyo muamala ulipofika kwetu ulionyesha jina la kijana na jina la ukoo, na herufi ya kwanza ya jina la kijana ni ileile ya ndugu yetu wa Dodoma. Aliyekuwa anaingiza kwenye leja hakuuliza. Aliona jina, akaona linafanana, akaandika upande wa Dodoma. Akafanya hivyo miezi kumi na moja. Sisi wengine wa kamati tulikagua jumla tukaona inakubaliana na taarifa ya benki, tukatia saini. Jumla ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Wahasibu wenzetu mlioko humu mnaelewa jinsi jumla iliyo sahihi inavyompumbaza mtu.

Siku ya mkutano tukasoma orodha ya waliotimiza ahadi. Ndugu yetu wa Dodoma akapigiwa makofi kwa kutoa karibu mara mbili ya alichoahidi. Kisha tukasoma orodha ya wadaiwa, na jina la mama likasomwa kwa sauti mbele ya mashemeji na majirani zake. Alisimama. Tulidhani anataka kusema neno. Akachukua kitenge chake na kutoka nje.

Wiki iliyofuata alikuja na daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane. Ndani yake kila mwezi alikuwa ameandika tarehe, kiasi, na zile herufi na namba ndefu za muamala zinazokuja kwenye ujumbe wa simu. Alikuwa amezinakili zote kwa kalamu, kwa mkono ambao haukuzoea kuandika sana. Tukakaa naye mezani, daftari lake huku, leja yetu kule, tukalinganisha mwezi kwa mwezi. Leja yetu imeandaliwa kwenye kompyuta, ina rangi na mistari. Daftari lake ndilo lililokuwa sahihi.

Alikuwa amejiwekea mpimaji kando ya mizani yetu. Tulipokuwa tunasoma habari za Paul Bomani kwa ajili ya leo, picha iliyotujia ni ya mama huyu.

Turudi kwa Paul. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo nchini, na ni akiwa wizarani, Juni 1965, Tanzania, Kenya na Uganda zilipotangaza kwamba kila moja itakuwa na benki kuu na sarafu yake. Benki Kuu yetu ikafunguliwa Juni 1966. Lakini yeye wakati huo hakuwa tena Waziri wa Fedha. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa chama kimoja, wagombea wawili kila jimbo, alama ni jembe na nyumba. Na huko Mwanza, nyumbani kwake, kwa wakulima waliomwona akijenga ushirika tangu enzi za kupima pamba, Paul Bomani alishindwa. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara nyingine, ya uchumi na mipango.

Mwaka mmoja baadaye, 1966, Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kati ya kasoro ilizozitaja ni uhaba wa watumishi wenye ujuzi, upendeleo, na jambo ambalo tunaomba mlisikilize: wanachama wasiojua yanayoendelea ndani ya chama chao. Mtu wa kando ya mizani alikuwa ameondoka. Chama kilikuwa kimekuwa kikubwa, kina ofisi na magari, na mkulima alikuwa amerudi palepale pa kutajiwa namba na kuondoka. Uongozi wa ushirika ule mkubwa uliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vikafutwa. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982.

Hatusemi Paul Bomani ndiye aliyeuharibu. Alikuwa ameshaondoka kwenye umeneja kwa miaka kadhaa. Tena nchi iliendelea kumtumia: alikuwa balozi wetu Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, na miaka yake ya mwisho alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi alipofariki mwaka 2005. Vijana mliohitimu pale wakati huo, yeye ndiye aliyekuwa akiwatunuku shahada mkiwa mmevaa majoho. Baadhi yetu katika kamati hii ni miongoni mwenu, na siku ile hatukuwaza kabisa kwamba mzee yule mwenye joho alianzia kwenye kupima pamba.

Mdogo wake ni Mark.

Tulipokuwa tunaandaa mada, mjumbe mmoja wa kamati alishikilia kabisa kwamba Bomani wa ushirika ndiye Bomani wa ripoti ya madini. Tulibishana nusu saa. Hivyo ndivyo jina linavyofanya. Ukishalijua moja, unaacha kuuliza la pili ni la nani, na ni kosa lilelile la leja yetu, safari hii likitokea kwenye chai ya kamati.

Mark Bomani alikuwa mwanasheria. Mwaka 1965, mwaka uleule kaka yake alioshindwa Mwanza, yeye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo, akakaa hapo hadi 1976. Ni kipindi cha Azimio la Arusha na cha Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo akina mama wengi humu mmeitumia mahakamani bila kujua ilipitishwa wakati wa nani. Baadaye alifanya kazi Umoja wa Mataifa katika masuala ya Namibia, nchi ambayo ilipata uhuru wake mwaka 1990. Mwaka 1995 aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, hakupata.

Kuna sehemu mbili za maisha yake ambazo zinagusa udongo huu tunaokanyaga.

Ya kwanza ni Burundi. Wazee mnakumbuka mwaka 1972 na watu waliovuka mpaka wakikimbia mauaji. Katumba ilifunguliwa 1973, Mishamo 1978. Tulikua nao, tulisoma nao, tulioana nao, tuliuziana mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya Warundi pale Arusha, na Mark Bomani alikuwa msaidizi wake katika kazi hiyo. Mwalimu alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akachukua usuluhishi, na Bomani akaendelea na kazi ileile ya kukaa mezani na makundi yasiyotaka kutazamana usoni. Mkataba ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Haukumaliza vita siku hiyo, lakini ulifungua njia. Baadaye serikali yetu iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 kati ya wale wa mwaka 1972 na watoto wao, wengi wao wakiwa majirani zetu wa Katumba na Mishamo, na wengine wenu mko humu ndani leo na mmechangia bweni hili kama Watanzania.

Ya pili ni madini. Mpanda haikuanza kwa kilimo peke yake. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa sababu ya madini ya risasi, ikafika mwaka 1950, na reli hiyo ndiyo iliyotutoa wengi wetu kwenda Tabora kusoma. Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini na kumpa Mark Bomani uenyekiti. Ripoti yake ya 2008 watu waliiita kwa jina lake tu, Ripoti ya Bomani, na ilitangulia Sheria ya Madini ya 2010. Katika sheria hiyo mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 3 hadi 4, na, hili ndilo kubwa zaidi kwa mhasibu, ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi ya madini badala ya thamani iliyobaki baada ya kampuni kukata gharama zake. Asilimia moja watu wanaiona kwa urahisi. Lakini swali la unakata asilimia kutoka kwenye namba ipi, hapo ndipo fedha nyingi hujificha. Kaka aliangalia mizani ya pamba, mdogo aliangalia mizani ya dhahabu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa kazi yake. Mark alifariki Septemba 2020.

Sasa tumalizie ya kwetu.

Mama tulimwomba radhi nyumbani kwake, wajumbe wote watano, na leo tunamwomba radhi hapa mbele yenu, kwa sababu aibu ilitolewa hapa mbele yenu. Hana deni. Hajawahi kuwa na deni.

Ndugu yetu wa Dodoma hali yake ni ngumu zaidi. Tulipompigia simu kumweleza kwamba makofi yale hayakuwa yake, alisikia kana kwamba tunamwita mwizi. Hakuiba kitu. Hakuwahi hata kuiona orodha kabla haijasomwa, na ahadi yake mwenyewe alikuwa ameitimiza kikamilifu. Lakini maneno yalishatoka, yakafika hapa kijijini kabla hatujayafafanua, na nyumba yake yote imejitoa kwenye chama. Mwaka huu hawajachangia. Tumeenda Dodoma mara mbili. Mara ya pili alitukaribisha chai, hakusema ndiyo wala hapana. Wazee wetu, hapa sisi tumefikia mwisho wa uwezo wa kalamu. Tunawaomba ninyi mnaomjua tangu utoto mtusaidie.

Kuhusu bweni la wasichana: kuta zimefika kwenye lenta, na fedha tunayoitafuta leo ni ya mbao, bati na milango. Gharama zote zimo kwenye kijitabu pamoja na bei tulizopewa na wauzaji watatu, ili asiyetuamini aende akaulize mwenyewe. Orodha ya michango pia imo, kwa majina matatu kamili na tarakimu nne za mwisho za namba ya simu. Ukikuta kosa, usisubiri mkutano.

Hatutasoma orodha ya wadaiwa mwaka huu, wala mwaka ujao.

Anayetoa fedha taslimu leo atakuta meza mbili pale mlangoni. Kwenye meza ya kwanza yuko mweka hazina na kitabu cha stakabadhi. Kwenye meza ya pili yuko mama yetu, ambaye baada ya kukataa mara tatu amekubali kukaa, na daftari jipya, safari hii la kurasa mia moja. Mpitie kwanza kwa mweka hazina, kisha mpitie kwake aandike. Jioni tutalinganisha, naye ndiye atakayetia saini wa mwisho.